Litafute Robota, Usimtafute Mwizi: Nilivyompata Babake Nyanya Aliyefungwa Ngomeni

Kwetu Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, hakuna aliyelitamka neno "kufungwa". Nyanya alikuwa akisema, "Wakati baba yuko Ngomeni," nasi watoto tukidhani alikuwa fundi wa kupaka chokaa zile kuta. Mpaka siku moja mjomba, aliyekuwa akidaiwa na hasira zimempanda, akaropoka mbele ya wageni: "Sisi ndio ukoo wa marobota matatu!" Robota ni furushi kubwa la kitambaa. Nyanya akainuka, akaenda zake jikoni, na chai haikuja tena siku ile.

Ngome yenyewe ni Fort Jesus, iliyokuwa jela tangu 1895 hadi 1958. Watalii huonyeshwa mizinga na michoro ya mabaharia Wareno, lakini watu wengi wa Mombasa wana mzee wao aliyelala mle ndani. Kama nawe unaye, au wako alilala jela nyingine yoyote ya zama za Mngereza, nitakueleza nilivyomtafuta wangu. Ilinichukua miaka miwili. Ningejua ninayoyajua leo, ingenichukua miezi.

Anza nyumbani, na usiulize "alifungwa mwaka gani?" Hakuna atakayekujibu. Uliza mambo ya pembeni. Wakati huo pesa zilikuwa gani? Nyanya alikuwa ameshafariki nilipoanza, 2011, lakini mdogo wake alikuwapo, na masikio yake mazima. Akaniambia mama yao alilipishwa rupia kumtafutia mtu wa kumwandikia barua ya kuomba rehema. Rupia! Hapo hapo nikapata ukuta wa kuegemea, kwa sababu rupia iliondolewa 1920, ikaja florini kwa muda mfupi, kisha shilingi. Nikamuuliza, "Na Kariakoo je?" yaani Carrier Corps, kile kikosi cha wapagazi wa vita wa Mngereza. Akasema, "Alipotoka Ngomeni hakukaa, wakamchukua Kariakoo akabebe mizigo ya vita." Vita vya Mjarumani vilianza Agosti 1914, na msako mkubwa wa wapagazi ulikuwa 1917. Kwa maswali mawili tu nilikuwa nimeshajua kwamba alifungwa kabla ya 1917. Mambo kama hayo wazee hawayasahau: sarafu, vita, ndui, njaa, nani alikuwa Liwali, reli ilikuwa imefika wapi.

Kisha nikafanya kosa wanalolifanya wote. Nilikwenda Nairobi nikaanza kulitafuta jina lake.

Siku tatu nzima nilikaa kwenye magazeti ya zamani, nikisoma ukurasa baada ya ukurasa. Magazeti yenyewe yapo. African Standard lilianzishwa hapa kwetu Mombasa 1902 na A. M. Jeevanjee, baadaye likawa East African Standard, likahamia Nairobi 1910, na Mombasa ikabaki na Mombasa Times. Nakala utazipata Nyaraka za Taifa pale Moi Avenue, karibu na sanamu ya Tom Mboya, kwenye jengo lililokuwa Bank of India. Nyingine ziko maktaba ya McMillan, yenye simba wa mawe mlangoni, iliyofunguliwa 1931 kwa Wazungu peke yao. Nilisoma mpaka macho yakaniwasha, na jina la babake nyanya sikuliona. Hata ningesoma mwaka mzima nisingeliona, kwa sababu magazeti yale hayakuandikwa kwa ajili yetu. Mtu wetu akiiba, wao huandika "mwenyeji mmoja", "Mswahili mmoja", "boi wa bwana fulani". Jina linaloandikwa kamili ni la aliyeibiwa, pamoja na kile kilichoibwa, uzito wake na bei yake.

Mimi nimefanya kazi miaka ishirini na sita kwenye kampuni ya uwakala wa forodha. Maisha yangu yote nimetafuta mizigo iliyopotea bandarini, na mzigo hautafutwi kwa jina la kuli aliyeubeba. Unautafuta kwa alama, kwa meli, kwa mwenye mali. Usiku wa siku ya tatu, niko chumbani kwenye nyumba ya wageni nakula mkate na maziwa ya pakiti, ndipo akili iliponijia. Kesho yake nikaacha kumtafuta mzee, nikalitafuta robota.

Kwa hiyo andika karatasi yenye kila kitu isipokuwa jina. Kiliibwa nini, wapi, mali ya nani, alikuwa na nani, alishikwa na askari wa wapi. Yangu ilikuwa na maneno manne: marobota, marekani, tishali, Kilindini. Halafu jiulize karani Mngereza wa wakati ule angeyaandikaje. Kitambaa cha marekani wao waliandika "Americani", wakati mwingine "Amerikani" kwa k, kwa vile neno walilichukua kwetu. Tishali, chombo cha kushushia shehena, ni "lighter", neno lile lile la kiberiti cha gesi, usije ukalipita. Na ujue kwa nini tishali: gati za maji marefu za Kilindini zilianza kutumika 1926. Kabla ya hapo meli ilitia nanga katikati ya maji, shehena ikashushwa kwenye matishali, na robota lilipita mikono mingi kabla halijafika bohari. Wizi wa wakati ule ulikuwa na njia zake, na ukizijua njia unajua pa kuchungulia.

Asubuhi ile, kabla ya adhuhuri, nilikuwa nimelipata. Mistari saba chini ya ukurasa, imebanwa kati ya ratiba ya meli na tangazo la wiski. Wenyeji wawili walishikwa na robota moja la marekani lililotoka kwenye tishali, kila mmoja akapewa miezi sita na kazi ngumu. Mwenye mali ametajwa, tishali limetajwa. Wao wawili hawana majina. Nilikaa nikiitazama ile mistari, na yule kijana wa pale mapokezi akaniuliza kama naumwa.

Gazeti, basi, litakupa tarehe na mwenye mali, pengine na hakimu. Ukishapata hivyo, hamia kwenye mafaili, maana jina liko huko. Pale Nyaraka za Taifa utajiandikisha, utalipa ada ya mwaka, kisha utatafuta kwenye orodha zao na kujaza karatasi ya kuomba faili. Mafaili ya mkoa wetu huanza na PC/COAST, yaani ofisi ya Mkuu wa Mkoa wa Pwani. Wengi hukimbilia kuuliza mafaili ya mahakama tu. Kwa kesi ndogo za mahakimu wa chini usitie tamaa sana: mengi hayakuwekwa. Mimi niliwahi kwenda ofisi moja ya serikali, siitaji, nikaambiwa nirudi Jumatatu. Nilirudi Jumatatu nne. Ya tano sikwenda.

Mzee wangu nilimpata kwenye barua za malalamiko. Wafanyabiashara walikuwa wamemwandikia Mkuu wa Mkoa kwamba shehena inaliwa Kilindini na polisi wamelala. Polisi nao, ili wajitetee, wakaambatisha orodha ya wote waliowafunga mwaka ule. Karatasi mbili zilizoshikwa na pini iliyofanya kutu, kutu imetoboa karatasi na kuacha duara la rangi ya chai. Nambari kumi na moja: jina, jina la baba, mtaa, kosa, kifungo. Jina lake limeharibiwa vibaya. Lakini mtaa ni Kibokoni, na baada ya jina karani ameandika lakabu. Mombasa mtu bila lakabu hajulikani, na polisi walilijua hilo. Lakabu yetu ni jina la mdudu wa miguu mingi. Ukiwa mtu wa Mji wa Kale ushatujua.

Hapa nikae kidogo, kwa sababu majina ndiyo yanayowashinda wengi. Andika kila namna ambayo mtu asiyejua Kiswahili angelisikia jina hilo. Hamisi atakuwa Khamis, Hamis, Kamisi. Ali atakuwa Ally. Mwinyi atakuwa Muini. "Bin" itakuwa "wadi", au b yenye nukta, au haitakuwapo kabisa, na jina la baba litageuka kuwa la ukoo. Na usimkubali mtu kwa jina peke yake: Juma bin Ali wako wangapi pwani hii? Mimi nilitaka vitu vitatu vikubaliane, nikapata mtaa, lakabu na jina la babake. Viwili tu havitoshi, hata moyo ukikwambia vinatosha.

Jingine ni saa. Kwenye faili lile kuna maelezo ya mlinzi wa bohari, yaliyopita kwa mkalimani, kwamba aliwaona usiku. Kwa Kiingereza imeandikwa saa ya pili baada ya usiku wa manane, yaani saa nane yetu. Ama mlinzi alisema saa nane, ama alisema saa mbili, na mkalimani akatafsiri neno akasahau kuhesabu. Tofauti si ndogo. Saa nane ni wizi wa kunyatia. Saa mbili watu ndio kwanza wanatoka msikitini kusali Isha, mji uko macho, na robota la kitambaa halifichiki kwenye kanzu. Mimi naamini saa mbili, na naamini walikuwa zaidi ya wawili.

Kabla hujaona aibu, soma kosa lenyewe. Jela zile zilijaa watu ambao leo usingewaita wahalifu: aliyeshindwa kodi ya kibanda, iliyoanza 1901, aliyemtoroka bwana shamba kabla mkataba haujaisha, na baadaye aliyekutwa bila kipande, ile hati ya kazi. Ikiwa wako alizuiliwa wakati wa Hali ya Hatari ya Mau Mau, 1952 hadi 1960, njia yake ni tofauti. Kuna mafaili yaliyobebwa kwenda Uingereza yakafichwa mpaka 2011, nayo sasa yako hifadhi ya Kew, London, chini ya alama FCO 141. Kesi iliyofika rufaa huenda ilichapishwa kwenye vitabu vya maamuzi ya mahakama. Vya Afrika Mashariki huanza na kesi za 1897. Na mwenye mali usimwache: mtafute kwenye Gazeti Rasmi la Serikali, ambalo toleo zake tangu 1899 zimewekwa mtandaoni bure. Wangu nilimpata kwenye tangazo la mirathi, nikajua duka lake lilikuwa barabara gani. Leo panauzwa simu.

Ndugu zangu wa Tanzania, nyinyi mna bahati moja tusiyokuwa nayo. Mambo Leo lilianza 1923 kwa Kiswahili, na habari zake za miji ziliandikwa na watu wetu wenyewe, waliojua kutaja jina la mtu. Kwa zama za Mjerumani liko Kiongozi la Tanga, na yako magazeti ya Kijerumani ambayo maktaba ya taifa ya Berlin imeyaweka mtandaoni, ila herufi zake za kizamani zitakutoa jasho. Huko usitafute miezi, tafuta viboko. Hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na tano, haikuhitaji jela.

Ukipata karatasi, uliza kwanza kama unaruhusiwa kuipiga picha, kisha andika nambari ya faili na ya ukurasa kabla hujafanya lolote jingine. Mimi picha ya kwanza niliipiga mikono ikitetemeka, nikasahau nambari, ikanilazimu kupanda basi tena kwenda Nairobi kwa ajili ya tarakimu tano.

Halafu kuna kuwaambia watu wako. Nilizungumza kwanza na nyanya mdogo, peke yetu, mlango umerudishwa. Nilikuwa nimejitayarisha kwa machozi. Nikamsomea pole pole: mwaka, tishali, Kilindini, robota moja, miezi sita na kazi ngumu. Akanizuia kwa mkono.

"Soma tena hapo. Mangapi?"

"Moja, nyanya."

Akanyamaza, akazungusha tasbihi yake mara mbili tatu. Kisha akacheka taratibu, akaangalia lile kabati la mvule ambalo mama yao aliingia nalo nyumba ile kabla ya vita, na ambalo hakuna aliyepata kuuliza lilinunuliwa kwa pesa gani.

"Basi yale mawili hawakuyaona," akasema.