Jinsi ya Kuamua Mahindi ya Kusaga Yanunuliwe Wapi

Mwenye kinu cha unga mjini Kisumu anayechagua kati ya mahindi ya Kitale na yale yanayotoka Uganda kupitia Busia asianze na bei ya gunia, bali aanze na unyevu. Gunia la kilo 90 lenye unyevu wa asilimia 18, likikaushwa hadi asilimia 13.5, hubaki na takriban kilo 85. Gawa bei kwa kilo hizo, kisha ongeza nauli na gharama ya kupima sumukuvu (sumu ya ukungu unaoota kwenye nafaka), ambayo kwangu haina mjadala, kwa kuwa unga huu ndio uji wa watoto.

Baada ya hapo, pima siasa. Machi 2021 Kenya ilisimamisha uingizaji wa mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, na siku chache baadaye ikauruhusu tena kwa masharti. Kwa hiyo usitegemee upande mmoja tu, hata ukiwa nafuu. Mgombea akiahidi kufunga mpaka, muulize ni miezi gani: mwishoni mwa mwaka, wakulima wa Trans Nzoia, kaunti ulipo mji wa Kitale, wakivuna, hatua hiyo huweza kuwainulia bei, lakini mwezi wa Julai, maghala yao yakiwa yamepungua, mzigo humwangukia mnunuzi wa unga.