Kudai njia ya pwani iliyofungwa: mwongozo kwa wakazi wa Malindi

Ugomvi wa pwani kwa kawaida huanza siku mlango wa chuma unapotiwa kufuli kwenye kichochoro kilichokuwa kikipitwa na wavuvi, wachuuzi wa samaki na watoto wanaokwenda kuogelea. Mara nyingi madai huharibika mapema, kwa kuwa walalamishi husema pwani ni ya wote bila ya kutenganisha mambo matatu ambayo sheria huyatazama mbalimbali: mchanga unaofikiwa na maji, ardhi iliyo juu ya mchanga huo, na njia ya kuufikia.

La kwanza halina ubishi. Kifungu cha 62 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinaihesabu ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa kuwa ardhi ya umma, inayoshikwa na serikali ya kitaifa kwa niaba ya wananchi na kusimamiwa na Tume ya Kitaifa ya Ardhi. Askari wa hoteli hana mamlaka ya kumfukuza mtu hapo.

La pili lina mtego. Wengi huapa kwamba mita 60 kutoka majini ni za serikali, lakini Kanuni za Upimaji za 1994 zinataka ukanda huo utengwe pale ardhi ya serikali inapopimwa ili igawiwe, na hata hapo waziri anaweza kuupunguza. Baadhi ya viwanja vya Pwani vina hati za zamani zilizotolewa chini ya Sheria ya Hati za Ardhi ya 1908, iliyotambua umiliki wa watu binafsi uliokuwapo tangu awali, na huko ukanda huo huenda usiwepo kabisa. Kwa hiyo, kabla ya kuitaja mita 60 mbele ya afisa yeyote, fanya upekuzi rasmi wa hati kwenye masjala ya ardhi, kisha uombe ramani ya upimaji na uangalie mpaka wa upande wa bahari. Ofisi ya umma ikikunyima nakala, andika ombi chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016, ambayo inaipa siku 21 za kujibu.

Katika ghuba ya Malindi, mchanga na tope la Mto Sabaki vimekuwa vikiusogeza ufuo kuelekea baharini kwa miaka mingi, na ua wa kiwanja unaweza kuufuata polepole bila ya mtu kushtuka. Nenda wakati wa bamvua, siku moja au mbili baada ya mwezi mwandamo au mwezi mpevu, maji yanapojaa mnamo saa kumi alasiri. Piga picha ya mahali maji yalipofika, na urudi yakishapwa upige mstari wa mwani na makumbi yaliyoachwa. Mwani ukiwa umenata kwenye tofali za ukuta, picha hiyo ina uzito kuliko barua ndefu, ingawa atakayeithibitisha alama ya maji kujaa ni mpimaji aliyesajiliwa.

Njia ndiyo kazi kubwa. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 inazitambua haki za njia zilizokuwapo wakati ardhi iliposajiliwa kwa mara ya kwanza, hata kama hazikuandikwa kwenye hati. Kusanyeni hati za kiapo za wazee waliopita hapo, kumbukumbu za BMU (kikundi cha usimamizi wa ufuo) ya diko lenu, yaani mahali vyombo vya uvuvi vinapotia nanga, na picha za zamani. Jihadharini na neno "ruhusa". Sheria ya ukomo wa mashtaka inahesabu miaka 20 ya kupita kwa uwazi na kama haki, si kwa hisani ya mwenye kiwanja, kwa hiyo barua ya kumshukuru mwenye kiwanja kwa kuwaruhusu kupita inaweza kuwa ushahidi dhidi yenu. Mkikubaliana naye kuhusu saa za lango, maana hofu yake ya wezi usiku si ya kubuni, andikeni wazi kwamba mnapanga matumizi ya njia iliyopo.

Ushahidi wa zamani ukiwa haba, Sheria ya Ardhi ya 2012 inaruhusu kaunti, chama au kundi la watu kuiomba Tume iweke njia ya jamii. Mmiliki hulipwa fidia, na kwa maoni yangu ombi hili linapuuzwa mno.

Ukuta ukiwa ndio kwanza unajengwa, muda ni mfupi: rufaa dhidi ya kibali cha ujenzi cha kaunti hupelekwa kwa kamati ya uhusiano ya mipango ya ardhi ya kaunti (liaison committee) ndani ya siku 14, na ile ya leseni ya mazingira kwa Baraza la Kitaifa la Mazingira (National Environment Tribunal) ndani ya siku 60. Msibomoe chochote wenyewe, kwa sababu kesi ya jinai ya kuharibu mali huwageuza walalamishi kuwa washtakiwa. Yote yakishindikana, kuna Mahakama ya Mazingira na Ardhi papa hapa Malindi, na Kifungu cha 70 cha Katiba hakimtaki anayedai haki ya mazingira athibitishe kwamba yeye mwenyewe amepata hasara.