Kiharusi na Shambulio la Moyo: Kutambua Dalili na Kuchukua Hatua

Kiharusi hutokea damu inapokosa kufika sehemu ya ubongo kwa sababu mshipa umezibwa na bonge la damu, au inapovujia ndani baada ya mshipa kupasuka. Dalili huja ghafla na mara nyingi hazina maumivu, ndiyo maana wengi husema, "Ngoja nijinyooshe kidogo."

Kwanza, mwambie mgonjwa atabasamu, uone kama upande mmoja wa mdomo umelegea. Pili, ainue mikono yote miwili mbele na kufumba macho kwa sekunde 10. Mmoja ukishuka wenyewe, hiyo ni dalili. Tatu, mpe sentensi fupi airudie, usikilize kama ulimi umekuwa mzito. Dalili moja inatosha kuita gari la wagonjwa.

Nne, angalia saa. Daktari atauliza mgonjwa alionekana mzima mara ya mwisho saa ngapi, wala si saa uliyomkuta, kwa kuwa dawa ya kuyeyusha bonge kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu, tena baada ya picha ya kichwa. Usimpe chakula wala maji, asije akapaliwa.

Katika shambulio la moyo, kifua hubana, na maumivu huweza kusambaa hadi mkononi, mgongoni au kwenye taya, pamoja na jasho la baridi na kuishiwa pumzi. Wanawake, wazee na wenye kisukari huenda wasiumwe kifua kabisa, wakadhani ni kiungulia au uchovu. Mketishe, naye asiendeshe gari mwenyewe. Akizimia na kuacha kupumua kawaida, bonyeza katikati ya kifua kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, mpaka msaada ufike.

Maswali ya wanachama

Swali: Dalili zikiisha baada ya dakika chache, bado aende hospitali?
Jibu: Aende mara moja. Kiharusi cha muda mfupi huweza kufuatwa na kikubwa, hasa katika siku 2 za mwanzo.

Swali: Nimpe aspirini?
Jibu: Kwa kiharusi, hapana, maana kama ni mshipa uliopasuka utazidisha uvujaji. Kwa moyo, wahudumu wa dharura wanaweza kuelekeza aitafune, ikiwa haimdhuru.

Swali: Baba ana kisukari, na sukari ikishuka huongea kwa kukokota maneno. Nitatofautishaje?
Jibu: Kwa macho tu, huwezi. Ita gari kwanza, kisha mpime sukari ikiwa kipimo kipo, na uwatajie wahudumu namba uliyoiona.