Kabla ya kununua kadi ya mtandao, kagua njia nzima
Wengi huanza kwa kusaka kadi ya mtandao (kifaa kinachoiunganisha kompyuta na mtandao) yenye kasi kuliko zote, wakaifunga kwenye kompyuta, na mambo yakabaki yaleyale. Data hupita kwenye diski, sloti (tundu la kuchomekea kadi), kadi, kebo na swichi (kifaa kinachounganisha kompyuta kadhaa kwa kebo), na safari yote hufuata mwendo wa kilicho cha polepole zaidi. Kwa hiyo kadi nashauri ichaguliwe mwisho.

Jiulize kwanza unaitaka kwa kazi gani. Kasi ya mtandao huhesabiwa kwa biti, faili kwa baiti, na baiti 1 ni biti 8. Gigabiti 1 kwa sekunde, basi, haizidi megabaiti 125. Kwa kuvinjari na kutazama video, kadi iliyokuja na ubao mama (bodi kuu ya kompyuta) inatosha, usitoe pesa bure. Anayehamisha video nzito kwenda seva ya ndani ndiye atakayefaidi gigabiti 2.5 au 10, mradi diski zimudu. Diski ya kawaida ya kuzunguka hubaki chini ya megabaiti 300 kwa sekunde, ilhali gigabiti 10 ni megabaiti 1,250.

Kisha shika kebo, usome maandishi yaliyochapwa kwenye ganda lake. Kebo ya daraja la Cat5e hubeba gigabiti 1, hata 2.5, kwa mita 100. Gigabiti 10 kwa umbali huo zinataka Cat6a. Cat6 huishia kwenye mita 55 hivi. Na hapa ndipo watu wanapopotea: mtandao wa gigabiti 1 hutumia jozi zote 4 za nyaya, wa megabiti 100 hutumia 2 tu. Waya mmoja ukikatika kwenye jozi zile nyingine, mtandao haukatiki. Mara nyingi hushuka kimyakimya hadi megabiti 100, na lawama zote zikaangukia kadi. Ukiona 100 kwenye hali ya muunganisho, badilisha kebo kwanza. Swichi nayo iwe na milango ya kasi unayoitaka, la sivyo umenunua mapambo.

Sasa fungua kasha. Sloti ndefu huenda ndani yake imeunganishwa njia chache tu za kupitishia data, na ukweli huo uko kwenye mwongozo wa ubao mama. Njia moja ya PCIe 3.0 (toleo la tatu la sloti hizo) hupitisha pungufu kidogo ya gigabaiti 1 kwa sekunde, haitoshelezi kadi ya gigabiti 10. Kasha jembamba linahitaji kadi yenye bamba fupi, yaani kile chuma cha kuifungia kwenye kasha. Kadi zilizotolewa kwenye seva zimezoea upepo mkali wa feni. Kwenye kompyuta ya mezani iliyotulia huchemka. Kwa adapta za USB, kumbuka USB 2.0 ina ukomo wa megabiti 480.

Kwa Wi-Fi, kuwa macho na kadi za Intel za aina ya CNVi, ambazo huachia prosesa sehemu ya kazi yao. Zinaingia vizuri kwenye sloti ya M.2 (tundu dogo bapa kwenye ubao mama), lakini bila prosesa ya Intel inayozikubali hazitambuliki kabisa.

Mwisho ni draiva, programu inayoiwezesha kompyuta kuitumia kadi. Tafuta jina la chipu yenyewe, si jina la kwenye boksi, uhakikishe Windows au Linux yako inaiunga mkono. Pakua draiva kwenye flashi kabla hujachomoa kadi ya zamani, maana ukishaichomoa huenda usiwe na intaneti ya kuipakulia. Na kama ruta yako huruhusu vifaa kwa anwani ya MAC (namba ya utambulisho ya kadi), iingize ya kadi mpya mapema. Mara nyingi huwa kwenye kibandiko cha kadi.