Kutafuta makala za kitabibu: hatua ninazowafundisha wanafunzi wangu Bukavu

Mimi ni mkutubi katika kitivo cha tiba hapa Bukavu. Kila mwaka memuari, yaani tasnifu za kumaliza masomo, zinapokaribia, meza yangu huzungukwa na wanafunzi wenye simu mkononi na mega chache za intaneti zilizobaki. Wengi wameandika neno moja, wakaletewa makala elfu kadhaa au wasipate hata moja, wakakata tamaa. Njia ninayowafundisha ni hii, kwa mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho.

Hatua ya 1: Anza na karatasi

Mwanafunzi akiniambia, "Mama, natafuta kuhusu mpox," nampa kalamu kwanza. Mpox ni jina la ugonjwa, swali bado halijazaliwa. Je, mgonjwa ni nani? Unachunguza nini kwake? Unalinganisha na nini? Unangojea tokeo gani? Tuseme swali letu ni hili: kwa watoto wenye mpox hapa Kongo, dalili zipi zinaonyesha mapema kwamba ugonjwa utakuwa mkali? Liandike kwa lugha unayofikiria nayo vizuri, iwe Kiswahili, Mashi au Kifaransa. Kiingereza kitafuata.

Hatua ya 2: Kusanya majina yote ya kitu kimoja

Hapa ndipo ninapokaa na wanafunzi muda mrefu kuliko mahali pengine popote, kwa sababu neno unalochagua ndilo linaloamua utaona nini na nini kitabaki gizani.

Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa mwisho aliniletea utangulizi wa memuari yake. Alikuwa ameandika kwamba kabla ya mwaka 2022 ugonjwa huu karibu haukuchunguzwa. Nikamwomba anionyeshe alivyotafuta. Alikuwa ameandika "mpox" ndani ya alama za kunukuu. Jina hilo lilipendekezwa na Shirika la Afya Duniani Novemba 2022. Kabla ya hapo, makala za Kiingereza ziliuita monkeypox. Na mgonjwa wa kwanza kutambuliwa kati ya binadamu alikuwa mtoto wa hapa nchini kwetu, Equateur, mwaka 1970. Kazi ya nusu karne, tena nyingi ikiwa imefanywa kwenye ardhi yetu, ilifichwa na vialama viwili. Alipoifungua orodha mpya alinyamaza, halafu akasema, "Mama, ningeaibika mbele ya jopo."

Sababu ni hii. Ukiandika neno bila alama za kunukuu, PubMed, hazina ya mtandaoni tunakotafutia makala za tiba, hujitahidi yenyewe kuunganisha majina kwa kutumia MeSH, yaani orodha yake ya istilahi za tiba. Ukiweka alama hizo, unaizuia: inatafuta herufi zile zile tu. Zinafaa kwa maneno mawili yanayokwenda pamoja, lakini zitumie ukijua zinachofanya.

Usisahau kwamba hata nchi yetu ilibadilisha jina. Tangu 1971 hadi 1997 tuliitwa Zaire, na makala za wakati huo ndivyo zinavyosema. Anayeandika Congo peke yake anaweza kuziacha nje.

Kama unajua neno la Kifaransa tu, ingia HeTOP, kamusi ya istilahi za afya ya hospitali ya chuo kikuu cha Rouen, Ufaransa. Andika variole simienne, nayo itakupa jina la Kiingereza pamoja na neno la MeSH.

Sasa chora safu tatu kwenye karatasi. Ya ugonjwa: mpox, monkeypox. Ya wagonjwa: child, infant, pediatric. Ya mahali: Congo, Zaire, Kivu, Kamituga. Kamituga naiweka kwa sababu ndiko, hapa hapa Kivu Kusini, aina ya virusi vya mpox iitwayo Ib ilikotambuliwa baada ya mlipuko ulioanza mwaka 2023.

Hatua ya 3: Unganisha

PubMed ni ya Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, na imekuwa wazi kwa kila mtu bure tangu 1997. Kabla ya kuifungua, elewa maneno mawili, OR na AND. Fikiria soko la Kadutu hapa mjini, na samaki wake wadogo. Ukitafuta sambaza OR ndagala, utaonyeshwa kila bakuli lenye mojawapo. Ukitafuta sambaza AND ndagala, utaonyeshwa yale tu yaliyochanganya wote wawili. OR inapanua, AND inapunguza.

Kwa hiyo ndani ya safu moja weka OR. Andika: mpox OR monkeypox. Tafuta. Kisha child* OR infant* OR pediatric OR paediatric. Kinyota kinaleta pia children na childhood, na tahajia mbili za mwisho ni ya Marekani na ya Uingereza. Tafuta. Kisha safu ya mahali. Sasa fungua ukurasa wa Advanced. Utakuta utafutaji wako wote umehifadhiwa kwa namba. Andika #1 AND #2 AND #3. Namba zako zikiwa nyingine, tumia hizo.

Makala zikiwa chache mno, ondoa safu ya mahali. Zikiwa nyingi mno, rudi kwenye swali. Mara nyingi lenyewe ndilo pana.

Hatua ya 4: Pata makala nzima bila kulipa

Soma mihtasari kwanza, kwa kuwa haili mega nyingi. Chagua, ndipo upakue.

Ukurasa ukikuomba dola 30 au 40, usilipe. Angalia kama makala ipo PubMed Central, hifadhi ya makala nzima, ambako ni bure. Ikikosekana, ingia Hinari, mpango ulioanzishwa mwaka 2002 na Shirika la Afya Duniani pamoja na wachapishaji wakubwa. Taasisi za Kongo zilizojiandikisha haziulipii chochote. Nywila iko kwa mkutubi wako: mwombe, na tafadhali usiitupe kwenye kundi la WhatsApp, maana taasisi nzima inaweza kufungiwa. Njia ya mwisho ni kumwandikia mtafiti. Anwani yake ipo chini ya kichwa cha makala, na wengi hujibu.

Hatua ya 5: Soma zaidi ya muhtasari

Mfano ninaoupenda ni jaribio la PALM la dawa za Ebola, lililofanyika Kivu Kaskazini na kuchapishwa mwaka 2019, mwandishi wa kwanza akiwa Mkongo mwenzetu, Sabue Mulangu. Waliopewa MAb114 walifariki 35.1%, waliopewa ZMapp 49.7%. Waliopewa REGN-EB3 walifariki 33.5%, wakilinganishwa na ZMapp 51.3%. Mwanafunzi makini huuliza: dawa moja, ZMapp, ina asilimia mbili tofauti, wamekosea hesabu? Hawakukosea. REGN-EB3 iliongezwa jaribio likiwa limeshaanza, hivyo ililinganishwa na wale tu wa ZMapp walioingia kuanzia wakati huo, 154 badala ya 169. Jibu hilo utalipata kwenye sehemu ya mbinu.

Hatua ya 6: Hifadhi, hakiki

Umeme hukatika bila kuaga. Weka Zotero, programu ya kutunza marejeo, ni bure na inafanya kazi bila intaneti, na nakala ya PDF zako iwe kwenye flashi. Ipe kila faili jina la mwandishi na mwaka.

Kama umepewa marejeo na programu ya akili bandia, yatafute moja moja kwenye PubMed kwa kichwa au kwa PMID, yaani namba ya makala kwenye PubMed. Nimeletewa orodha zenye waandishi wa kweli, jarida la kweli, lakini makala haipo popote. Usiyoiona kwa macho yako usiiandike.

Na ile karatasi ya kwanza usiitupe. Chini yake andika tarehe, PubMed, maneno yote kama ulivyoyatumia, idadi ya makala zilizotoka, ulizobakiza, na kwa nini nyingine uliziacha. Msimamizi atayataka hayo kwenye sura ya mbinu.