Jinsi ya kufuatilia sukari inavyoingia kwenye punje za zabibu (Brix peke yake itakudanganya)

Juzi kuna rafiki yangu mwenye mizabibu alinijia na daftari limejaa namba za Brix (kipimo cha utamu wa juisi, yaani takriban gramu za sukari katika kila gramu 100 za juisi), kila wiki kaandika, mtu makini kweli, halafu ananiuliza mbona sukari ilikuwa 18 ikashuka 17 baada ya mvua, imeenda wapi? Nikacheka maana swali hilohilo lilinikosesha usingizi msimu mzima huko nyuma. Tukakaa tukaanza upya, na hivi ndivyo tulivyofanya.

Hatua ya 1: jua sukari inapita wapi

Usiruke hapa. Majani ndiyo yanayotengeneza sukari, inasafiri ikiwa sukrosi kupitia floemu, ile mirija iliyo upande wa gome. Mjerumani Ernst Münch alieleza mwaka 1930 kwamba kinachoisukuma ni presha: kwenye jani sukari imejaa kwa hiyo inavuta maji na presha inapanda, kwenye punje sukari inatolewa presha inashuka, basi utomvu unatiririka kutoka penye presha kubwa kwenda penye ndogo. Kwa hiyo punje inayohifadhi sukari haraka ndiyo inayovuta zaidi.

Wakati punje bado ni ngumu na kijani, sukrosi inapita seli kwa seli kupitia vitundu vidogo na nyingi inaishia kwenye kupumua na kukuza punje, haikai. Ikianza kulainika njia inabadilika kabisa. Sukrosi sasa inamwagwa nje ya seli, kwenye nafasi za kuta, pale kimeng'enya kinachoitwa invatesi kinaikata vipande viwili, glukosi na fruktosi, halafu protini za kubeba zinavivuta ndani na kuvifungia kwenye vakuoli, lile ghala la katikati ya seli. Ndo maana zabibu iliyoiva ina glukosi na fruktosi karibu sawa kwa sawa na sukrosi kidogo tu. Na kipindi hichohicho maji yanayoingia kwa zailemu, ile mirija inayopandisha maji kutoka mizizini, yanapungua sana, floemu inakuwa mlango mkuu wa vyote viwili, maji na sukari. Shika hili la maji, tutalirudia.

Hatua ya 2: kamata siku ya kuanza

Wengi wanasubiri rangi. Mimi naminya kwa vidole. Ulaini unatangulia rangi, na kwa zabibu za kijani rangi haitakusaidia sana, utaona tu ganda linaanza kupitisha mwanga. Kabla ya hapo acha rifraktomita, kile kifaa cha kusomea Brix, nyumbani, punje ngumu inaweza kusoma 4 au 5 na sehemu kubwa ya hiyo ni asidi, kile kifaa kinapima kila kilichoyeyuka hakijui sukari ni ipi. Halafu ujue punje za kichala kimoja haziamki siku moja, utakuta moja laini imekaa ubavuni mwa nyingine ngumu kama gololi.

Hatua ya 3: kuchukua sampuli (hapa ndo nilipopoteza siku nzima)

Kuna siku nilipima shamba moja mara tatu, nikapata 17, nikapata 21, nikapata 19. Nikasafisha kioo, nikarekebisha sifuri kwa maji safi, nikabadilisha hadi mtu wa kusoma, wapi. Nikaanza kuilaumu rifraktomita nikaazima nyingine, ikanipa namba za ajabu vilevile. Kumbe tatizo ni mkono wangu. Jicho la binadamu linapenda punje nzuri, mkono unaenda kwenye iliyoiva bila wewe kujua, na ukishajishtukia unaanza kuchuma mbichi kwa makusudi ili kubalansi, nayo ni makosa yaleyale kwa upande wa pili.

Sasa nafanya hivi. Nachuma punje zisizopungua 100, shamba likiwa na mchanganyiko nachuma 200. Naamua kabla sijaingia, kwamba nitasimama kila baada ya mizabibu kadhaa, na nikisimama nachukua punje moja au mbili tu kwa kichala kimoja, safari hii juu, safari ijayo katikati, halafu chini, halafu nyuma ya kichala kule usikoona, na uso naangalia pembeni, watu wananicheka lakini inafanya kazi. Pande zote mbili za mstari lazima, upande wa jua na wa kivuli hazifanani. Mistari ya pembeni kabisa ya shamba naiacha, na mzabibu wowote unaoumwa nauacha pia.

Tumia mkasi. Ukivuta punje kwa mkono kikonyo kinang'oka na kipande cha nyama, juisi inavuja, na tukifika kwenye mizani utajuta. Chuma asubuhi, kila wiki saa ileile, na kama mvua imenyesha subiri siku mbili hivi, ila kama huwezi kusubiri chuma tu lakini andika "mvua" pembeni kwa herufi kubwa. Weka kwenye mfuko unaofungwa, mahali pa baridi, upime siku hiyohiyo. Na ukishachagua njia usiibadilishe katikati ya msimu hata kama umegundua iliyo bora, maana unachotafuta ni mwendo wa namba kutoka wiki hadi wiki, ukibadilisha njia mwendo unakatika na huwezi kulinganisha tena.

Hatua ya 4: pima uzito, kisha Brix

Uzito kwanza! Zihesabu, zipime zote pamoja, gawanya kwa idadi. Mizani ya kawaida ya jikoni inatosha kwa punje 100.

Halafu zisage zote vizuri ndani ya mfuko. Usiminye kidogo ukachukua tone la kwanza, juisi ya karibu na ganda na ile ya karibu na mbegu hazina utamu sawa. Chuja, acha povu litulie, soma. Rifraktomita ya kuchungulia kwa jicho inanitosha, ya digitali ni nzuri ila betri inaisha siku mbaya siku zote. Vipimo vimewekwa kwa nyuzi 20 za Selsiasi, juisi ya moto itasoma chini ya ukweli, kwa hiyo kama kifaa chako hakijirekebishi chenyewe iache kwanza ipoe.

Hatua ya 5: hesabu moja tu

Sukari kwa punje, kwa miligramu = uzito wa punje kwa gramu × Brix × 10.

Ni makadirio, ila yanatosha. Daftari la rafiki yangu halikuwa na uzito kabisa, kwa hiyo nikamwonyesha kwa mfano:

Wiki ya kwanza, gramu 1.5 na Brix 16: miligramu 240.
Wiki ya pili, gramu 1.6 na Brix 18: 288.
Wiki ya tatu mvua imepiga, gramu 1.7 na Brix 17: 289.
Wiki ya nne jua kali, gramu 1.45 na Brix 20: 290.

Ukiangalia Brix peke yake utasema ilipanda, ikashuka, ikapanda tena. Ukiangalia miligramu unaona sukari iliingia kati ya wiki ya kwanza na ya pili, baada ya hapo mlango ukafungwa. Ile 17 ni maji yameongezeka. Ile 20 iliyomfurahisha mtu ni maji yamekauka, punje inasinyaa, na kama unauza kwa kilo maana yake unapoteza kilo za kuuza. Mimi niliwahi kusubiri Brix mbili zaidi namna hii, nikazipata kweli, na uzito ukaondoka.

Hatua ya 6: kama miligramu zinapanda kwa kusuasua

Angalia majani kabla ya kukimbilia mbolea. Tawi lenye majani 12 hadi 15 yenye afya kwa kawaida linalisha vichala vyake vizuri, ukiwa umepunguza mno au kuna ugonjwa wa majani basi jibu unalo. Vichala vingi kupita kiasi navyo vinagawana kilekile kidogo, punguza mapema.

Kuna njia ya kuvua pete nyembamba ya gome, milimita chache, wakati punje zinaanza kulainika, ili sukari isishuke kwenda mizizini. Inafanya kazi kwa zabibu za kula, ila siipendi kwa anayeanza: ukikata hadi kwenye mti unaziba maji, na mzabibu mdogo au dhaifu unauumiza, maana mizizi nayo inakaa njaa hadi kidonda kifunge.

Hatua ya 7: kukata

Miligramu zikisimama mara mbili mfululizo, onja, angalia asidi, amua. Usikate mapema ukidhani zitaongezeka utamu kwenye kreti. Ndizi inaweza kwa sababu ina wanga wa akiba wa kugeuza kuwa sukari, zabibu haina akiba hiyo, ukikata kikonyo umekata floemu. Rafiki yangu alikata siku tatu baadaye, na sasa daftari lake lina safu ya uzito.