Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kushuka Barabarani Kuwatetea Wanyama Lubumbashi

Tarehe 4 Oktoba ni Siku ya Wanyama Duniani, na kwa Lubumbashi, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, inaangukia katika kipindi cha joto kali, mvua zikiwa bado hazijakolea. Siku hiyo ilianzishwa na Mjerumani Heinrich Zimmermann, aliyeiadhimisha kwa mara ya kwanza Berlin tarehe 24 Machi 1925. Mwaka 1929 ikahamishiwa Oktoba ili iende pamoja na sikukuu ya Mtakatifu Fransisko wa Asizi. Nalitaja jambo hili mapema kwa sababu lina faida kwetu: katika mji wenye parokia nyingi kama huu, padri anayeombwa mwezi mzima kabla anaweza kulitangaza tukio baada ya misa, na tangazo hilo likawafikia watu ambao hawatasoma bango lolote. Kwa hiyo maandalizi yaanze Agosti, yasingoje wiki ya mwisho ya Septemba.

Jambo la kwanza, na ndilo ambalo ningetaka lichukue muda mrefu kuliko yote, ni kuamua mnataka nini hasa. Kikundi kinachotoka na mabango kumi yenye madai kumi hakikumbukwi kwa dai lolote. Chagueni kitu kimoja ambacho mtu aliyesimama mbele yenu anaweza kukitenda siku hiyohiyo. Simama asubuhi kwenye njia inayoelekea soko la Kenya, mtaa wa mji wetu wenye jina la nchi ile, uangalie pikipiki zinazoleta kuku: wamefungwa miguu kwa kamba ya mpira, wananing'inia kwenye usukani vichwa vikiwa chini, mabawa yamefunguka, midomo imeachama, na kila pikipiki inapoingia shimoni vichwa vyao vinagonga chuma. Kuku hana tezi za jasho, hivyo kwenye joto kali hujipoza hasa kwa kuhema. Tena hana kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo kama sisi, hivyo anapogeuzwa kichwa chini matumbo yake humlemea na kumzuia kuvuta hewa. Huyo unayemwona ametulia hajazoea safari, anakosa pumzi. Ukilielewa hilo, dai linajiandika lenyewe: kuku asafirishwe ndani ya tenga, akiwa wima, kivulini, na apate maji anapofika.

Dai la namna hiyo lina uzuri mwingine, kwamba halimpigi anayeuza. Mama anayeuza kuku sokoni analipa ada ya meza, analipa usafiri, na kila kuku anayekufa njiani ni hasara inayoingia katika chakula cha watoto wake. Mkimzunguka na kumwita mkatili mbele ya wateja, mtakuwa mmemdhalilisha mtu asiye na uwezo wa kuwajibu, na soko zima litakuwa upande wake, tena kwa haki. Nendeni kwake wiki mbili kabla, bila kamera, mkamsikilize. Muulizeni tenga linagharimu kiasi gani na kwa nini wachukuzi hawalipendi. Mara nyingi mtaambiwa kwamba tenga linakula nafasi kwenye pikipiki. Hapo ndipo kazi ilipo: fedha ambazo mngezitumia kuchapisha fulana zinaweza kununua matenga machache ya kuazimisha, na mchukuzi mmoja anayekubali kuyajaribu ana thamani kuliko watu hamsini wanaopiga firimbi. Mkuu wa soko naye aambiwe mapema, maana heshima hiyo ndogo huzuia ugomvi mkubwa.

Ni tofauti kabisa mkilenga biashara ya watoto wa sokwe na kasuku wa kijivu. Hapo mnazungumza na wanunuzi wenye fedha, na sheria iko wazi upande wenu: kuna sheria ya uhifadhi wa mazingira ya tarehe 11 Februari 2014, na biashara ya kimataifa ya kasuku wa kijivu waliokamatwa porini ilifungwa baada ya mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, uliofanyika Johannesburg mwaka 2016. Mji wetu una kituo cha JACK, kinachowalea tangu mwaka 2006 sokwe walionyang'anywa wafanyabiashara. Mwezi Septemba 2022 watoto watatu wa sokwe waliibwa hapo na wezi wakadai fidia. Kwa sababu hiyo ombeni ushauri wa wanaofanya kazi hiyo, lakini msichapishe ramani, ratiba wala picha zinazoonyesha mahali wanyama wanapolala.

Baada ya dai ndipo ifikiriwe namna ya kulionyesha. Wenzetu wa nchi nyingine wamebuni mengi. Pamplona, Hispania, tangu mwaka 2002 watu wamekuwa wakitokea karibu uchi siku chache kabla ya mbio za mafahali za Julai. Melbourne, Australia, mwaka 2016 walianza kusimama kimya katika umbo la mraba, wamevaa barakoa, wameshika skrini zinazoonyesha yanayotokea machinjioni. Yote mawili yameigwa kwingi, na yote mawili nisingeyashauri Lubumbashi. Uchi utazungumzwa kwa mwezi mzima na mnyama hatatajwa hata mara moja. Barakoa mbele ya watu waliochoshwa na majambazi wa usiku huleta hofu, na hofu huleta polisi. Vilevile msibebe jeneza la maigizo wala msiigize kilio cha msiba: kuna familia zinazopita zikitoka makaburini kweli, na damu ya rangi juu ya nguo nyeupe hapa husomwa kama uchawi.

Kinachokubalika hapa ni mchezo wa kuigiza. Kundi la Mufwankolo liliuzoeza mji huu kuonyeshwa makosa yake kwa Kiswahili chake na kwa kicheko, jukwaani na redioni, hivyo mpita njia anajua kusimama, kutazama na kujibu. Igizo la dakika saba ambamo abiria wa basi anafungwa miguu na kuwekwa kichwa chini kwenye kiti chake, huku kondakta akimwambia avumilie kwa sababu nafasi ni ndogo, litaeleweka bila ufafanuzi. Kwa upande wa sokwe, kizimba cha nondo chenye ukubwa wa kile anachofungiwa, na ndani yake mtu mzima amejikunja, kinatosha. Ila mlango usifungwe kwa kufuli, na aliye ndani abadilishwe kila baada ya dakika ishirini, kwa maana joto hilohilo mnaloliombea kuku huruma linaweza kumwangusha mwenzenu.

Mnyama hai asiletwe kamwe. Kelele na msongamano humtesa, na sokwe huambukizwa mafua yetu kwa urahisi. Zaidi ya hayo, picha ya msichana anayetabasamu akiwa amekumbatia mtoto wa sokwe, hata ikiwa na maandishi mazuri chini yake, humfanya anayeiona atamani kuwa na wa kwake.

Kuhusu barua ya kuijulisha serikali, ibara ya 26 ya Katiba ya Kongo inalinda uhuru wa kuandamana na inawataka waandaaji kuiarifu mamlaka husika kwa maandishi. Ielezeni mahali, saa ya kuanza na ya kumaliza, idadi ya washiriki, vyombo vya sauti na majina ya wawili au watatu watakaowajibika. Ipelekwe mapema, nakala mbili: moja ibaki ofisini, ya pili irudi nanyi ikiwa na muhuri, tarehe na sahihi ya aliyeipokea. Nasisitiza muhuri kwa sababu mwaka mmoja tulimkabidhi barua yetu kijana mwenye adabu mlangoni, tukaondoka tumeridhika. Siku ya tukio polisi walidai ushahidi, ofisi ikasema haijaona barua yoyote, na watu thelathini wakarudi nyumbani na mabango yamekunjwa kwapani. Ibara hiyohiyo inasema hakuna anayeweza kulazimishwa kuandamana, nanyi mzingatie hilo mnapozialika shule: mwanafunzi aje kwa hiari yake na kwa idhini ya mzazi, asiletwe kwa amri ya mwalimu.

Siku ichaguliwe kwa kuangalia kalenda ya mpira. Mazembe wanapocheza na Lupopo, usijaribu kuzungumza na mtu yeyote juu ya kuku. Nguo nazo zisiwe nyeusi na nyeupe pamoja, wala bluu na njano, ambazo ni rangi za timu hizo, wala rangi ya chama chochote cha siasa, na mwanasiasa anayejitolea kuwanunulia fulana ashukuriwe kwa upole na akataliwe. Anayepiga picha aombe ruhusa kwa kila muuzaji. Maji ya kunywa, dawa za huduma ya kwanza na namba ya wakili aliyekubali kupigiwa siku hiyo viwe na mtu mmoja anayejulikana na wote, na mtu huyo asipewe kazi nyingine. Pawe pia na mmoja wenu wa kuzungumza na polisi: mtu mzima, mtulivu, mwenye ile nakala yenye muhuri mfukoni.

La mwisho lipangwe mwanzoni, kabla hamjatawanyika kila mmoja na shughuli zake: nani atarudi sokoni baada ya wiki mbili, asubuhi, bila bango, kuangalia ni matenga mangapi bado yanafungwa kwenye pikipiki na mangapi yamegeuzwa ya kuwekea nyanya, na kumuuliza yule mama ni kuku wangapi walimfia njiani wiki hiyo.